Usiipangie Rifandi Kabla Hujauliza Deni

Kila Februari, Waswahili tunaoishi Marekani tuna ibada yetu ya asubuhi. Kabla ya chai, mtu anafungua simu, anaandika namba yake ya Social Security kwenye ukurasa wa IRS, ofisi ya kodi ya serikali kuu, anatazama rifandi, yaani marejesho yake ya kodi, imefika wapi. Fedha yenyewe imeshagawanywa kabla haijaingia: tairi mbili za mbele, pango lililobaki nusu, ada ya mdogo wetu aliyeko Kigoma au Bukavu, na kitu kidogo cha mama. Halafu siku inafika. Aliyeambiwa na mjazaji wake wa fomu za kodi kwamba atapata dola 5,200 anakuta benki imeingia dola 1,400. Anampigia mjazaji, naye anaapa kwamba hesabu ilikuwa sawa. Anapiga IRS, anasikiliza muziki hadi simu inapata moto, mwisho anaambiwa kwamba wao wameshamalizana naye, aulize kwingine.

Wote wawili wamesema kweli. Rifandi ilikubaliwa ikiwa kamili, kisha ikakatwa njiani na ofisi nyingine ya Hazina ili kulipa deni. Nataka kueleza hicho kinachotokea njiani, kwa sababu anayekijua mwezi wa Novemba ana mengi ya kufanya, na anayekijua Machi ana machache.

Daftari la wadaiwa

Wizara ya Fedha ya Marekani, yaani Hazina, ina idara iitwayo Bureau of the Fiscal Service, ambayo ndiyo mlipaji wa serikali kuu. Marejesho ya kodi hupitia kwake, na mafao ya Social Security pia. Ndani yake kuna mpango uitwao Treasury Offset Program, kwa kifupi TOP. Uelewe kama daftari kubwa la wadaiwa. Ofisi za serikali kuu na za majimbo huandikisha humo majina na namba za watu wanaodaiwa. Kabla malipo hayajatoka, kompyuta hulinganisha jina na namba ya anayelipwa na yaliyomo daftarini. Vikioana, fedha inakatwa hapo hapo, bila hakimu wala dalali kubisha hodi. Kubadilisha akaunti ya benki au kuomba hundi ya karatasi hakusaidii kitu, maana kinachotafutwa ni wewe, si akaunti yako.

Mfumo huu una umri mkubwa kuliko wengi wetu tulivyo na miaka hapa. Congress iliuanzisha mwaka 1981 kwa ajili ya fedha za matunzo ya watoto, ikaupanua mwaka 1984 uguse madeni ya ofisi za serikali kuu. Tangu sheria ya mwaka 2014, ofisi ya serikali kuu inatakiwa kupeleka TOP deni lililochelewa zaidi ya siku 120. Kwa hiyo karani aliyekuandikisha hana kisa na wewe. Anatimiza sheria.

Wengi hudhani kwamba EITC, ile nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo, haiguswi kwa kuwa ni msaada. Inaguswa. Swali hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1986 katika kesi ya Sorenson. Familia moja ilidai kwamba fedha hiyo si marejesho ya kodi iliyolipwa zaidi, bali ni ruzuku. Mahakama ikaamua kwamba inakatwa kama marejesho mengine.

Foleni ya wadai

Madeni hayalipwi kwa kugombaniana. Yana foleni iliyopangwa na sheria, na rifandi moja inaweza kukatwa na zaidi ya mdai mmoja hadi iishe.

Wa kwanza ni IRS yenyewe: kodi ya mapato ya miaka ya nyuma, pamoja na riba na adhabu zake. Hii hukatwa kabla hata TOP haijaguswa.

Wa pili ni matunzo ya mtoto. Jimbo huliandikisha deni likifika dola 150 kama mtoto aliwahi kupokea msaada wa fedha taslimu wa serikali, au dola 500 kama hakupokea. Kiasi hicho ni malimbikizo, yaani kilichotakiwa kulipwa na hakikulipwa.

Wa tatu ni ofisi nyingine za serikali kuu. Humu mna mikopo ya elimu ya serikali kuu iliyokwama, mafao ya Social Security yaliyolipwa zaidi, na deni moja linalowashtukiza watu wetu sana: SNAP, yaani kadi ya chakula. Baba alipata kazi ya usiku ghalani, familia ikachelewa kuripoti mshahara mpya, kadi ikaendelea kujazwa miezi minne. Ofisi ikagundua, ikaandika barua ya kudai fedha zilizozidi. Barua ikaenda anwani ya zamani. Miaka miwili baadaye deni lile linakutana na rifandi.

Wa mwisho ni majimbo kwa madeni yao: kodi ya mapato ya jimbo, na mafao ya kukosa kazi yaliyopokelewa kwa udanganyifu au kwa kutoripoti mapato. Waliopokea mafao hayo wakati wa korona huku wakirudi kazini kidogo kidogo waangalie hapa kwa makini.

Sasa walioko nje ya foleni. Kampuni ya kadi ya mkopo, hospitali binafsi, muuza gari, mwenye nyumba, na yule shemeji uliyemkopa wakati wa msiba, hakuna kati yao anayeweza kuandikisha deni TOP. Ila elewa mpaka ulipo. Kinga hiyo ni ya fedha ikiwa bado mikononi mwa Hazina. Ikishaingia benki, mdai mwenye hukumu ya mahakama anaweza kuomba akaunti ikamatwe kama fedha nyingine yoyote, kwa masharti ya jimbo lako. Kumbuka pia kwamba rifandi ya jimbo ina sheria zake. Yapo majimbo, South Carolina likiwa mojawapo, yanayoruhusu madeni ya hospitali za umma na vyuo kukatwa kwenye rifandi ya jimbo.

Barua ya siku 60

Deni la ofisi ya serikali kuu haliingii TOP kimyakimya. Kwanza ofisi inayodai lazima ikuandikie. Barua inataja kiasi, inasema nia ya kulipeleka Hazina, na kukupa siku 60 za kupinga au kuonyesha ushahidi kwamba deni si lako, limelipwa, au bado halijaiva. Majimbo nayo yana taarifa zao za awali, na muda wa kupinga huandikwa humo humo.

Ndani ya muda huo mlango uko wazi. Unaweza kuomba nakala za kumbukumbu zao, kuomba deni lipitiwe upya, na mara nyingi kufanya mapatano ya malipo yatakayolizuia lisipelekwe. Muda ukipita, deni linahesabika kuwa limekubaliwa, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuelemea wewe.

Nyumba zetu hupoteza barua hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhama. Tunahama nyumba za kupanga mkataba ukiisha, tunahama jimbo tukisikia kiwanda fulani kinalipa vizuri, na barua inabaki kwenye sanduku la mpangaji mpya. Sheria haisubiri uipokee, kwani inatosha itumwe kwenye anwani yako ya mwisho inayojulikana. Kwa hiyo ukihama, posta pekee haitoshi. Jaza Fomu 8822 ya IRS, na uiarifu kila ofisi unayodaiwa au uliyowahi kupokea msaada kwayo.

Njia ya pili ni lugha. Barua inafika kwa Kiingereza cha kisheria, mzazi anampa mtoto wa darasa la saba asome, mtoto anasema, "Ni watu wa serikali, wanasema kuna hela." Hela ipi, ya nani kwa nani? Barua inaishia juu ya friji. Mwekee mtoto kazi nyepesi zaidi: atafute tarehe, kiasi, jina la ofisi na namba ya simu, uvipigie mstari kwa kalamu nyekundu. Yaliyobaki piga simu uombe mkalimani wa Kiswahili. IRS inao wakalimani kwa njia ya simu, na ofisi nyingi zinazoendesha misaada ya umma zinatakiwa kukupatia. Kwa ndugu zetu wa Kongo wanaosoma Kifaransa vizuri, ipo fomu iitwayo Schedule LEP ya kuambatanisha na ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, nayo ina Kifaransa kati ya lugha unazoweza kuchagua kwa barua za IRS.

Kulipa kidogo kidogo hakuzuii

Hapa ndipo watu waaminifu huumia. Mtu anasema, "Mimi nina mkataba na IRS, nalipa dola 80 kila mwezi, sijakosa hata mara moja. Kwa nini wamechukua?" Kwa sababu mkataba wenyewe unasema hivyo. Ukiwa na deni la kodi unalolilipa kwa awamu, rifandi yako ya kila mwaka huchukuliwa kupunguza deni, na haihesabiki kuwa awamu ya mwezi huo. Hata aliyeandikwa kwamba kwa sasa hana uwezo wa kulipa, rifandi yake inaweza kuchukuliwa.

Matunzo ya mtoto nayo ni vivyo hivyo. Kukatwa mshahara kila wiki kunashughulikia mpango wa kila mwezi, lakini malimbikizo yaliyoko daftarini yanaendelea kuitafuta rifandi.

Mikopo ya elimu ina mlango wake wa kutokea. Mkopo wa serikali kuu unahesabika umekwama baada ya siku 270 bila malipo. Unaweza kuufufua kwa kulipa awamu tisa zilizokubaliwa ndani ya miezi kumi, au kuuunganisha kuwa mkopo mpya. Ukatwaji wa rifandi kwa mikopo hii ulisimamishwa Machi 2020 na kutangazwa kuanza tena Mei 2025. Sera hizi hupinda na upepo wa siasa za Washington, kwa hiyo usitegemee aliyokwambia jirani mwaka jana. Uliza mwaka huu.

Deni la mume, rifandi ya nyumba

Turudi kwa yule wa dola 5,200, tumpe familia ili hesabu ionekane. Mume na mke wamefaili pamoja. Mke anafanya kazi ya kutunza wazee, mume yuko kiwanda cha nyama. Mume ana malimbikizo ya matunzo ya dola 3,800 kwa mtoto wa ndoa ya kwanza. TOP haiulizi nani alichangia nini kwenye rifandi. Inakata 3,800, zinabaki 1,400, na mke aliyekatwa kodi mwaka mzima kwenye mshahara wake anauliza deni hilo lilimhusu nini.

Halikumhusu, na sheria inakubali. Ipo Fomu 8379 kwa ajili ya mwenzi aliyeumizwa, ambaye kwa Kiingereza cha IRS huitwa "Injured Spouse". Masharti yake ni kwamba deni si lako kisheria, na kwamba kwenye ritani ya pamoja umeweka kitu chako: mshahara uliokatwa kodi, malipo ya kodi uliyoyafanya, au nafuu inayorudishwa kama fedha. Fomu inataka ugawanye kila kitu kwa mwenyewe: mshahara wa kila W-2, kodi iliyokatwa, watoto. IRS hukokotoa kana kwamba kila mmoja alifaili peke yake, kwa hiyo usitarajie nusu kwa nusu. Tuseme hesabu imetoa sehemu ya mke kuwa 2,900 na ya mume 2,300. Zile 2,300 zinakwenda kwenye matunzo, 2,900 zinarudi kwa mke. Nyumba imepata 2,900 badala ya 1,400. Deni la mume nalo halijafutika, limebaki 1,500, na mtoto wa kwanza bado ana haki yake.

Unaweza kuituma fomu pamoja na ritani, na ikiwa ni ya karatasi uandike "Injured Spouse" kwenye kona ya juu kushoto ya ukurasa wa kwanza. Unaweza pia kuituma peke yake baada ya kukatwa. IRS inasema subiri takribani wiki 11 ukituma pamoja na ritani kwa kompyuta, wiki 14 kwa karatasi, na wiki 8 ikitumwa peke yake. Kwa kawaida una miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya ritani hiyo, basi aliyekatwa mwaka juzi asikate tamaa. Fomu ni ya mwaka mmoja tu. Kila mwaka ambao deni bado lipo, jaza nyingine.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, majimbo tisa, yakiwemo Texas, Arizona na California, yana sheria ya mali ya pamoja ya wanandoa, na mgawanyo huko hufuata sheria ya jimbo, hivyo sehemu ya mke inaweza kutoka tofauti. Pili, usichanganye fomu hii na Fomu 8857, ambayo ni ya mwenzi anayeomba kuondolewa kodi iliyotokana na makosa ya mwenzake. Na anayekushauri "failini mbalimbali tu" akuambie pia bei yake, kwa kuwa wanandoa wanaofaili mbalimbali mara nyingi hukosa EITC.

Fedha za dharura zina sheria zake

Serikali inapotangaza malipo ya kuinua uchumi, swali la kwanza liwe: sheria ya safari hii imeyakinga na madeni gani? Majibu hubadilika. Mwaka 2008, malipo ya hadi dola 600 kwa mtu mmoja na 1,200 kwa wanandoa yalikatwa kwa madeni kama rifandi ya kawaida. Machi 2020, zile dola 1,200 zilikingwa na madeni yote ya TOP isipokuwa matunzo ya mtoto. Wake wengi walipoteza sehemu yao kwa deni la waume, na IRS ikaja kuwarudishia watu karibu 50,000 waliokuwa wametuma Fomu 8379. Malipo ya pili ya dola 600, yaliyoidhinishwa Desemba 2020, yalikingwa hata na matunzo. Lakini aliyeyakosa malipo hayo akayadai baadaye kupitia ritani ya 2020 alikuta kinga imepungua, kwa sababu sasa yalikuwa sehemu ya rifandi. Na zile 1,400 za mwaka 2021 hazikukatwa na TOP, ila sheria yake haikuwazuia wadai binafsi kuzikamata benki.

Kabla ya kufaili

Namba ya kwanza ya kupiga ni ya TOP, 800-304-3107. Ni mashine inayojibu. Unaingiza namba yako ya Social Security, inakuambia kama kuna deni kwa jina lako, na ofisi iliyoliandikisha. Deni la kodi la IRS yenyewe halimo humo, hilo litazame kwenye akaunti yako ya IRS mtandaoni. Simu hiyo ni ya dakika chache. Ipige Novemba, ili ukikuta jina la ofisi usiyoijua uwe na miezi ya kubishana nayo.

Ukiona deni ni la kweli na huna la kupinga, tazama mshahara. Rifandi kubwa maana yake ni kwamba mwajiri amekukata kodi kubwa kuliko unayodaiwa, nawe ukaiachia serikali fedha hizo mwaka mzima bila riba. Kwa kurekebisha Fomu W-4 unaweza kuzipata kidogo kidogo kila malipo, ukalipia deni kwa mpango wako mwenyewe. Usipunguze kupita kiasi, maana ukiishia kudaiwa kodi utakuwa umeongeza mdai mwingine, tena wa mbele ya foleni. Na EITC haiwezi kuhamishwa hivyo, nayo husubiri ritani.

Ukiwa na deni la kodi ya IRS peke yake na hali ni mbaya kweli, notisi ya kufukuzwa nyumbani iko mkononi au umeme unakatwa, unaweza kuomba IRS iachie rifandi au sehemu yake. Ombi hili lazima lifike kabla rifandi haijahamishwa kwenye deni. Taxpayer Advocate Service, watetezi wa walipa kodi walio ndani ya IRS, hulishughulikia kwa Fomu 911, simu 877-777-4778. Kwa matunzo au mkopo wa elimu IRS haina uwezo huo, unapaswa kuongea na mdai.

Na jihadhari na mkopo wa rifandi. Mjazaji anakupa fedha leo kwa dhamana ya rifandi ya kesho, au anakubali ada yake ikatwe humo. TOP ikikata kwanza, ada bado unadaiwa. Wenye kipato cha kawaida hujaziwa ritani bure na watu wa kujitolea wa mpango wa VITA, unaowapata kwa 800-906-9887.

Ukishakatwa

Utapokea barua kutoka Fiscal Service yenye rifandi ya awali, kiasi kilichokatwa, na jina, anwani na simu ya ofisi iliyolipwa. Ukiwa huna subira, fungua nakala ya akaunti yako ya IRS uangalie tarakimu: 846 ni rifandi iliyotolewa, 898 ni fedha iliyokatwa na TOP, na 826 ni iliyohamishiwa deni lako la kodi la mwaka mwingine. Tarakimu moja inakuonyesha uende mlango upi.

Ikiwa ni 898, usipoteze siku ukiwapigia IRS. Hawana fedha hiyo tena wala hawana faili la deni. Piga kwenye ofisi iliyotajwa kwenye barua. Kama deni si lako, fedha wairudishe wao. Kama walikata zaidi ya deni, iliyozidi wairudishe wao. Taja namba ya kumbukumbu, andika jina la uliyeongea naye na saa, na ufuatishe kwa barua. Akitokea mtu simuni anayeahidi kukufuta TOP kwa kadi za zawadi za dukani, kata simu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na katika nchi hii asiyeinywa dawa hiyo kwa hiari hunyweshwa Februari. Kwa hiyo safari hii ibada ianze mapema. Novemba, kabla hujamwambia fundi aweke tairi pembeni, kaa na mwenzio mezani, weka simu katikati kwa sauti ya juu, mpige ile namba ya TOP, kwanza kwa namba yako, kisha kwa namba yake.